Uzi: "Maji ya Ewaso Nyiro yanapotea bure." Yanapotelea wapi?

Kila msimu wa kampeni hapa Isiolo kuna sentensi moja haikosi. Utaisikia Bulla Pesa, utaisikia Oldonyiro, utaisikia Merti, mgombea awe wa mrengo gani: "Maji yetu yanapotea bure, yanaishia tu jangwani." Watu wanapiga makofi. Halafu inafuata ahadi: bwawa, mifereji, maelfu ya ekari za mahindi. Sitataja mtu wala chama, na kwa kweli hakuna haja, maana wameisema karibu wote. Nataka tuiangalie sentensi yenyewe. Ina historia ndefu kuliko tunavyodhani, na kuna mahali duniani imewahi kukausha bahari nzima.

Tuanze na mto. Ewaso Nyiro kwa Kimaa ni maji ya kahawia, na yeyote aliyesimama kwenye daraja la Archers Post wakati wa mvua anajua ni kwa nini. Maji yake yanatoka juu: Mlima Kenya kupitia vijito kama Naro Moru, Burguret, Nanyuki, Likii na Timau, na Nyandarua kupitia Ewaso Narok inayopita Nyahururu. Yanashuka Laikipia, yanapita kati ya mbuga za Samburu na Buffalo Springs, yanaenda Merti, Sericho, kisha yanatawanyika kwenye kinamasi cha Lorian, kule Isiolo inakopakana na Wajir na Garissa. Mwaka wa mafuriko makubwa kweli, maji hupenya Lagh Dera yakaelekea Somalia. Miaka mingine yote Lorian ndio mwisho. Mto wetu haufiki baharini.

Sasa, mto usiofika baharini una shida moja ya kisiasa: ni rahisi kuuambia watu kwamba hauna kazi.

Mwaka 1892 Mmarekani tajiri, William Astor Chanler, na mwenzake Ludwig von Höhnel, afisa wa jeshi la majini la Austria, waliufuata mto huu kushuka. Walikuwa wamesikia habari za maji makubwa yanayoitwa Lorian, wakatarajia kukuta ziwa. Von Höhnel hasa alikuwa na sababu ya kutarajia makubwa, maana miaka minne kabla, 1888, alikuwa na Teleki walipofika lile ziwa tunaloliita leo Turkana. Walichokikuta Lorian ni kinamasi. Matete, matope, wanyama. Walivunjika moyo. (Baadaye von Höhnel alijeruhiwa vibaya na kifaru, lakini hiyo ni stori ya siku nyingine.)

Sijawaleta hao wageni hapa ati kwa sababu "waligundua" kitu. Wafugaji walikuwa wananywesha mifugo pale siku zote. Nimewaleta kwa sababu ya huko kuvunjika moyo. Ziwa wangelihesabu kuwa kitu, wangelipa jina la mwana wa mfalme. Kinamasi wakakiona ni maji yaliyoharibika. Huo mtazamo haujaondoka mpaka leo, umebadilisha tu mavazi.

Wacha tutoke nje kidogo, halafu tutarudi nyumbani.

Kule Asia ya Kati, kati ya Kazakhstan na Uzbekistan, kulikuwa na Bahari ya Aral. Kwa jina ni bahari, kwa kweli ni ziwa la chumvi lisilo na mlango wa kutoka. Mwaka 1960 lilikuwa na karibu kilomita za mraba 68,000, la nne kwa ukubwa duniani. Ukitaka kuelewa ukubwa huo usihangaike na ramani: ni kama Ziwa Victoria lote, Kisumu mpaka Mwanza mpaka Entebbe. Lilikuwa linalishwa na mito miwili, Amu Darya na Syr Darya, ambayo inatoka kwenye milima yenye theluji na kupita nchi kavu. Inakaribia kufanana na hadithi yetu, ama?

Serikali ya Kisovieti ikataka pamba. Ikachimba mifereji, ukiwemo ule wa Karakum ulioanza kuchimbwa 1954, ambao sehemu kubwa haukuwekwa saruji, kwa hivyo maji mengi yalizama mchangani njiani kabla ya kuona hata mche mmoja wa pamba. Kuanzia miaka ya 1960 maji yaliyofika Aral yakapungua mwaka baada ya mwaka. Kufikia 1987 bahari ilikuwa imegawanyika vipande viwili. Kufikia 2007 kilichobaki ni kama sehemu moja ya kumi ya eneo la zamani. Mji wa Moynaq, uliokuwa bandari na kiwanda cha samaki, uko mbali na maji, na meli zimekaa juu ya mchanga kama mizoga ya ngamia. Sakafu ya bahari ikawa vumbi la chumvi na dawa za pamba, upepo ukalibeba mpaka kwenye vifua vya watu.

Kinachonishangaza kuhusu Aral ni kwamba wapangaji walijua. Haikuwa ajali. Walipiga hesabu wakaona pamba ina thamani kuliko samaki, na bahari yenyewe wengine waliiona kama sufuria kubwa inayovukiza maji bure. Bure. Ni neno lilelile la Bulla Pesa.

Basi turudi nyumbani. Nani alichukua maji ya Ewaso?

Ukiuliza mtaani utapata majibu mawili. La kwanza: mashamba ya maua. La pili: mabadiliko ya tabianchi. Yote yana ukweli ndani, na yote mawili yanatumika jukwaani kwa sababu ni rahisi. La kwanza linakupa adui, la pili linakupa kisingizio. Historia ni ya polepole zaidi.

Kwa mkataba wa 1904 Wamaasai waliondolewa Bonde la Ufa, wakapewa Laikipia. Wakaambiwa ni yao. Mkataba mwingine wa 1911 ukawaondoa tena, na kufikia 1913 walikuwa wamehamishiwa kusini, Laikipia ikafunguliwa kwa walowezi. Walowezi wakachimba mifereji kutoka kwenye vijito vya Mlima Kenya mpaka kwenye mashamba yao. Na hapa ndipo kuna jambo ambalo watu wengi hulipita: sheria ya maji ya kikoloni ilifanya maji yawe ya dola, na ruhusa ya kuyatumia ikafungwa kwenye kipande cha ardhi. Una shamba lenye hati, unaomba kibali, unaandikwa kwenye daftari. Wafugaji wa huku chini hawakuwa na hati. Walikuwa na malka, sehemu za mto zinazojulikana za kunyweshea na kuvukia, na wazee wa dedha walioamua nani analisha wapi na lini. Majina bado yapo: Malka Daka, Malka Bisanadi. Lakini ngamia haombi kibali. Kwa hivyo kwenye daftari la maji, huku chini hakukuwa na mtumiaji. Afisa akipiga hesabu ya maji yaliyobaki, anaona yamebaki mengi.

Hilo daftari ndilo tulilorithi.

Baada ya uhuru mashamba mengi ya walowezi upande wa Laikipia na chini ya Mlima Kenya yalinunuliwa na vyama na kampuni za kununua ardhi, yakakatwa vipande vya ekari mbili, tano, kumi. Watu walihamia kutoka Nyeri, Meru na Kiambu. Hawa si wezi, tuelewane. Ni watu waliolipia mashamba yao mahali pakame kuliko walikotoka, wakajikuta mahindi hayakomai bila kumwagiliwa. Ile mifereji ya mzungu mmoja ikawa ya familia mia. Kisha zikaja pampu ndogo, mabomba ya plastiki, na kuanzia miaka ya 1980 na 1990 yakaja mashamba makubwa ya maua na mboga za kuuza Ulaya, pale Nanyuki na Timau. Waridi, mishiri, njegere. Baadhi ya mashamba makubwa wana mabwawa yao na vipimo, na mengine hayana la kujivunia. Lakini ukiangalia idadi ya mabomba yaliyotumbukizwa mtoni, mengi ni ya watu wadogo, na mengi hayana kibali chochote.

Matokeo yake yamepimwa. Pale Archers Post, wastani wa maji ya mwezi wa Februari, katikati ya kiangazi, ulikuwa karibu mita 9 za ujazo kwa sekunde katika miaka ya 1960. Miaka ya 1970 ukawa kama nusu ya hapo. Miaka ya 1990 umefika takriban 1. Moja! Na rekodi za mvua za mlimani kwa kipindi hicho hazionyeshi mvua kupungua kwa kiasi kama hicho. Kwenye baadhi ya vijito vya juu, zaidi ya nusu ya maji ya kiangazi huchukuliwa kabla hayajatoka kwenye eneo la mashamba. Kuna miaka mto umekauka kabisa kilomita nyingi juu ya Archers Post, na kinachoonekana kikitiririka chini ya hapo ni maji ya chemchemi za Buffalo Springs.

Kwa hivyo mtu akikuambia ni tabianchi peke yake, muulize hayo maji ya Februari yalikwenda wapi miaka ile ya 1980 kabla hata hilo neno halijafika kwenye baraza la chifu. Hii haimaanishi tabianchi ni hadithi. Misimu mitano mfululizo iliyokosa mvua, kutoka mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, hatukuiota. Mifugo ilikufa kweli. Ila ukame unaua zaidi pale ambapo mto ulishanyonywa tayari.

Na sisi wa chini pia tuna historia yetu ya mifereji, tusijifanye watakatifu. Wakati wa vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, Waborana wa Isiolo walikusanywa kwenye kambi, mifugo ikafa na nyingine ikachukuliwa. Wazee mpaka leo wanaita kipindi hicho Gaf Daba, wakati wa kusimamishwa. Familia zilitoka kambini bila ng'ombe hata mmoja. Ndipo miaka ya 1970 serikali na wafadhili wakaja na miradi ya umwagiliaji kando ya Ewaso na vijito vyake: Malka Daka, Merti, Gafarsa, Rapsu. Wazo lilikuwa kumfanya mfugaji aliyefilisika awe mkulima. Baadhi ya miradi ilidorora, gharama ilikuwa kubwa na wengi waliovuna walitumia pesa kununua mbuzi, wakarudi malishoni. Ninawaelewa kabisa. Lakini jueni kwamba ile ahadi ya "ekari elfu kadhaa" inayotolewa leo kama wazo jipya ina umri wa baba zetu, na mabaki yake unaweza kwenda kuyaona.

Sasa tufike kwenye swali lenyewe. Maji yakifika Lorian, yanapotea?

Kwanza, kinamasi ni benki. Nyasi zote za mbali zikiisha, Lorian na kingo za Ewaso chini ya Merti ndiko zilikokuwa zinabaki, kwa sababu maji yalitandaa pale na kuloweka udongo. Wafugaji hawakuishi pale mwaka mzima, walipaweka akiba. Akiba ikikosekana, mifugo ya kaunti tatu inasongamana kwenye visima vichache, na vijana wanaanza kutazamana vibaya. Kisha tunasoma kwenye habari kwamba ni "uhasama wa kikabila". Sisemi kila vita vya huku ni vya maji, zipo siasa za mipaka, zipo bunduki. Lakini ukifuata kalenda ya mapigano na kalenda ya kiangazi utaona zinatembea pamoja mara nyingi.

Pili, na hii wengi hawaijui: chini ya ardhi kutoka Merti kwenda Habaswein na mpaka upande wa Dadaab kuna hazina kubwa ya maji, wataalamu wanaiita akwifa ya Merti. Sehemu ya maji yake huongezwa na mafuriko ya Ewaso yanayozama kwenye mchanga wa huko. Kambi za wakimbizi za Dadaab, tangu zilipoanza 1991, zimekunywa maji ya hazina hiyo. Habaswein wanakunywa humo. Yaani yale "yanayoishia jangwani" yanatoka kwenye bomba la mtu mwingine, mamia ya kilomita kutoka Nanyuki, na huyo mtu hana njia ya kujua kwamba fundi fulani anafunga pampu juu mlimani wiki hii.

Hapo sasa ndipo Turkana inapoingia, na ninaileta kwa sababu kwenye mijadala yetu huwa inatajwa vibaya na pande zote mbili.

Ziwa Turkana ni bahari yetu ya ndani, zaidi ya kilomita 250 kwa urefu, halina mlango wa kutoka, na karibu asilimia 90 ya maji yake yanatoka Mto Omo, Ethiopia. Ethiopia ilianza kujenga bwawa la Gibe III mwaka 2006, likazinduliwa Desemba 2016. Mwaka 2011 ilitangazwa pia miradi mikubwa ya miwa chini ya bwawa, mradi wa Kuraz, ambao mpango wake wa kwanza ulikuwa hekta 245,000. Watu walisema Turkana itakuwa Aral ya Afrika. Bwawa lilipokuwa likijazwa kuanzia 2015, ziwa lilishuka kweli. Mwaka 2018 UNESCO ikaziweka mbuga za Ziwa Turkana kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Halafu mvua kubwa za 2019 na 2020 zikaja, ziwa likapanda, likafurika makazi ya watu pamoja na maziwa mengine ya Bonde la Ufa.

Ndipo wakatokea wa kusema: "Mnaona? Wanamazingira walitudanganya." Polepole. Bwawa la umeme linachelewesha maji, kisha linayaachilia. Shamba la miwa linayanywa, hayarudi. Sehemu kubwa ya miwa iliyopangwa haikupandwa, kwa hivyo mtihani wa Aral haujafanywa bado. Na kiwango cha ziwa si kila kitu. Omo ilikuwa na mafuriko yake ya kila mwaka, yaliyoleta rutuba na kuwapa samaki mahali pa kuzaliana, na watu kama Wadaasanach walipanda mtama kwenye udongo uliolowa mafuriko yakirudi nyuma. Bwawa lilipofungwa, yale mafuriko yalikwisha. Ukipima wastani wa mwaka hutaona tofauti kubwa. Aliyepanda mtama aliiona mwaka uleule.

Kenya yenyewe ilikuwa inanunua umeme huko, na ilibidi shirika la wenyeji, Friends of Lake Turkana, liende mahakamani mpaka 2014 mahakama ikaamuru serikali itoe taarifa za makubaliano hayo. Taarifa tu. Hebu fikirini.

Na sasa sisi tuna mjadala wetu wa bwawa: Crocodile Jaw, kule Oldonyiro kwenye mpaka wa Isiolo na Laikipia, lililopangwa pamoja na ule mji wa kitalii wa LAPSSET. Jamii za chini zimekuwa zikilipinga, na kuna ule msafara wa ngamia unaoufuata mto tangu 2013 kudai Ewaso isiuawe. Waungaji mkono wanasema: mafuriko ya El Niño ya mwisho wa 2023 na yale ya Aprili 2024 yalikata barabara na kuharibu mali, si afadhali tuyahifadhi? Hiyo ni hoja nzuri, na mtu wa Merti aliyebebewa nyumba na maji hana sababu ya kuicheka. Lakini bwawa linaweza kujengwa kwa namna mbili tofauti kabisa. Unaweza kuhifadhi mafuriko ili uyaachilie Februari, mto uwe na maji huku chini wakati wa njaa. Au unaweza kuhifadhi mafuriko, ukayapeleka kwenye hoteli, mji na mashamba, na Februari ikabaki mchanga, sasa bila hata yale mafuriko ya kulowesha Lorian. Picha ya kwenye bango la kampeni ni ileile kwa yote mawili.

Sheria si kwamba haipo. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi ya kutosha. Sheria ya Maji ya 2016 inasema kuna kiasi lazima kibaki mtoni kwa mahitaji ya msingi ya watu na uhai wa mto kabla ya kugawa vibali, na matumizi ya nyumbani yanatangulia mengine. Kanuni zinamtaka anayemwagilia awe na hifadhi ya maji ya siku 90, ili anywe mafuriko asinywe mto wa kiangazi. Hata vyama vya watumiaji maji vimesaidia sana kwenye vijito vya juu, watu wanapangiana zamu badala ya kushikiana panga. Lakini hivyo vyama vingi viko kijito kwa kijito. Mtu wa Burguret anakaa meza moja na jirani yake wa Burguret. Hakai na mtu wa Sericho. Na serikali ya kaunti yetu haitoi vibali vya mto, hiyo ni kazi ya taifa, kwa hivyo anayekuahidi ugatuzi utarudisha Ewaso anaahidi kitu kisicho mkononi mwake.

Aral walijifunza kitu kimoja kwa kuchelewa. Mwaka 2005 Kazakhstan ilimaliza kujenga tuta la Kokaral, likazuia maji ya Syr Darya yabaki kwenye kile kipande kidogo cha kaskazini. Maji yalipanda, chumvi ikapungua, samaki wakarudi na wavuvi nyuma yao. Kipande cha kusini hakikupata bahati hiyo, sehemu yake kubwa ni jangwa. Kwa hivyo hata kurudisha kulikuwa ni kuchagua nani anarudishiwa.

Baraza lijalo la ushirikishwaji wa umma, mkisikia "maji yanapotea bure", ulizeni maswali mawili na mtake jibu kwa maandishi: ni mita ngapi za ujazo kwa sekunde zitapita Archers Post mwezi wa Februari bwawa likishakuwepo, na nani ataupima. Mkijibiwa kwa ekari za mahindi, mjue swali halijajibiwa.

Na nyinyi wa Sericho, Merti na Habaswein: wazee wenu wanasema Lorian ilijaa kweli mara ya mwisho mwaka gani? Mimi hapa mjini nimepewa miaka mitatu tofauti na wazee watatu. Andikeni hapa chini, pamoja na jina la mwaka huo kama unalo.